Elvi Kangas wa Njia 309

Kila asubuhi ya majira ya baridi, kabla ya kupanda lori, Elvi Kangas hulizunguka mara moja kwa miguu akiwa na nyundo ya mbao mkononi. Hugonga tairi moja baada ya jingine na kusikiliza. Tairi likilia wazi, anapita. Likijibu kwa sauti nzito kama ya mtu mwenye mafua, anasimama, analigonga tena, kisha anamwita fundi. Matairi ni kumi, na baridi ya saa kumi na moja alfajiri mjini Vandry hupenya hata kofia ya manyoya, lakini hajawahi kuruka hata moja. Akimaliza huirudisha nyundo nyuma ya kiti, hukung'uta viatu vyake na kusema "No niin," maneno ya Kifini aliyoyarithi kwa wazazi wake, yenye maana ya haya, basi, twende. Ndipo huwasha injini.

"Unayagonga kama daktari wa watoto," Duane Perrault, dereva mwenzake, humwambia. "Siku moja litakohoa moja, uanguke kwa mshtuko."

"Heri likohoe," Elvi humjibu. "Ningekugonga na wewe pia siku ile ya sanduku la barua."

Miaka kumi na tisa iliyopita Duane aliling'oa sanduku la barua la mchungaji kwa ubavu wa lori, na Elvi hajamwachia apumue tangu siku hiyo.

Barabara ya Elvi ni Njia ya Jimbo 309. Kwenye ramani ya Michigan ni alama ndogo kama mkwaruzo wa kucha, hapo juu kabisa kwenye Ziwa Superior. Inaachana na barabara kuu ya taifa penye kituo cha mafuta, inapita mbele ya hospitali, kisha inashuka mlima ambao madereva wote wanauita Goti kwa sababu umejikunja katikati. Chini ya Goti kuna kanisa la Kilutheri na mnara wa mgodi wa shaba, ule uliokuwa ukiwashusha watu ardhini kwa kamba. Halafu inakata Mtaa wa Tano, inavuka daraja la chuma, inapita duka la mikate la Lahti na stesheni ya treni iliyofungwa, ndipo inafika ziwani. Dereva mwenye haraka huimaliza kwa dakika tano. Elvi, akiwa na lori lenye beleshi la chuma la upana wa futi kumi na moja mbele yake, huimaliza kwa dakika kumi na nane, na tangu mwaka 1974 ameimaliza mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai.

Jimbo liliichukua barabara hiyo mwaka 1934, wakati shaba haikuwa na mnunuzi na nusu ya wanaume wa Vandry walikuwa wamekaa nyumbani wakitazama mikono yao. Miaka miwili baadaye wanaume hao walipewa kazi ya kuimwagia zege. Baba yake Elvi, Eino, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka hamsini iliyofuata hakuweza kupita pale bila kuwaambia waliokuwa naye, "Hii nimeimwaga mimi." Alisema hivyo akienda sokoni, akienda kumzika ndugu yake, na hata siku Elvi alipoolewa. Bwana harusi alimjibu, "Tunajua, mzee," na gari zima likacheka.

Mgodi ulifungwa mwaka 1968. Treni ya mwisho ikafuata, kisha benki, kisha shule moja kati ya mbili. Vandry ikazoea kuondokewa. Ila namba ilibaki. Kila baada ya nusu maili kilisimama kibao cheupe chenye umbo la almasi, kimeandikwa herufi ya jimbo na 309 chini yake, na watu walikisoma kama salamu: huko mbali kwenye makao makuu ya jimbo, kuna mtu bado anajua kwamba tupo.

Tena namba ile haikuwa pambo. Theluji ya Vandry hupita futi ishirini kwa mwaka. Barabara za jimbo husafishwa na malori ya kaunti tangu alfajiri mpaka dhoruba ichoke. Mitaa ya mji ina malori mawili, moja likiwa bovu kila mara, na husafishwa zamu yake ikifika. Kwa hiyo mama mwenye uchungu wa uzazi, au mzee aliyebanwa na kifua, alipanda Goti kwenda hospitali siku yoyote, saa yoyote, kwa sababu Goti lilikuwa la jimbo. Elvi alilijua hilo vizuri. Alikuwa ameongoza magari ya wagonjwa kulipanda Goti mara hamsini na mbili, yeye mbele akifungua theluji, gari likimfuata taa kwa taa. Watoto wanne walizaliwa salama juu ya ngazi hiyo ya barafu, na mmoja wao aliitwa Elvi.

Kwa hiyo Januari ya mwaka 2005, tangazo lilipobandikwa kwenye mlango wa maktaba kwamba jimbo linataka kuikabidhi Njia 309 kwa mji na kuifuta namba yake, Elvi alilisoma mara mbili akiwa amesimama kwenye theluji, mkate wake wa iliki ukiganda kwapani.

Sababu ilikuwa fupi. Njia ya jimbo, ilisema karatasi, lazima itoke mahali fulani na kufika mahali fulani. Hii ilikuwa na urefu wa maili moja na sehemu sabini na moja za mia, na iliishia kwenye stesheni isiyo na treni. Haikufika popote. Mji ukikubali kuichukua, jimbo lingeiwekea lami mpya kwanza, kama zawadi ya kuagana. Wajumbe wengi wa baraza la mji walishaanza kuipenda lami hiyo.

"Sabini na moja," Elvi alimwambia Duane karakanani. "Baba alisema daima ni themanini."

"Baba yako alikuwa anajisifu. Kila mwanamume huongeza kidogo."

Elvi hakucheka. Alikuwa akitazama ukutani, juu ya meza ya chai, ambako tangu mwaka uliotangulia lilitundikwa bamba la shaba: ELVI KANGAS. MIAKA 30 BILA KUGONGA KITU. Alikuwa amepewa bamba hilo kwenye karamu, watu wakiwa wamesimama. Wanawake wawili waliokuwa wakijifunza kazi hiyo wakati ule, Shelly na Joanne, walipigwa picha chini yake.

Jumapili alikwenda kumwona Walfrid Hakala kwenye nyumba ya wazee, jirani na hospitali. Hakala alikuwa msimamizi wake wa kwanza. Sasa alikuwa na miaka tisini, masikio mabovu na macho mazima. Elvi alimkatia mkate, akamwekea kahawa, akamweleza habari ya tangazo.

"Wameipima mpaka stesheni," alisema.

"Wameipima mpaka tulipowaambia sisi," Hakala alijibu, akitafuna. "Si ndipo kilipo kibao cha MWISHO?"

Ni wao wawili tu duniani waliojua jinsi kibao hicho kilivyofika pale.

Katika majira ya baridi ya 1974, Elvi alikuwa na miaka ishirini na minne, mwanamke wa kwanza kupewa lori la theluji katika kaunti nzima. Wanaume walimwekea dau: wengine walisema atadumu mwezi, wengine wiki. Kanuni ya karakana ilikuwa kwamba dereva mpya akigonga mali ya jimbo mara tatu, anaondoka. Wakati huo kibao cha MWISHO cha Njia 309 kilisimama chini kabisa, kwenye lango la gati la jimbo, mahali pembamba ambapo lori lazima ligeuze huku upepo wa ziwa ukirusha theluji mpaka dereva haoni beleshi lake mwenyewe. Januari Elvi alikigonga. Hakala akakinyoosha, akaandika ripoti. Siku nne baadaye akakigonga tena. Ripoti ya pili. Na Februari, katika dhoruba nzito, alikigonga bila hata kusikia. Nguzo ilikatika kwenye zege, ikanasa juu ya beleshi, na Elvi akapanda nayo kuelekea mjini, kibao cha MWISHO kikimtangulia kama bendera, mpaka mwenye duka la mikate, aliyekufa baadaye na siri hiyo, alipotoka mbio akipunga aproni.

Hakala alikuja peke yake. Aliitazama nguzo, akamtazama msichana aliyekuwa akilia kwa hasira ndani ya lori. Hakuandika ripoti, na zile mbili za kwanza akazificha. Alikichukua kibao, akakisimika juu kidogo, karibu na stesheni, penye uwanja mpana ambapo hata kipofu asingekigonga. Watu wakadhani ni amri kutoka juu. Miaka miwili baadaye wapimaji wa jimbo wakaja wakati wa kiangazi na gari lao la kupimia, wakasimama kwenye kibao, wakaandika namba, wakaondoka.

Elvi hakugonga kitu tena. Wala hakuwahi kunyanyua beleshi penye kibao. Kila siku kwa miaka thelathini na moja alikipita na kusafisha mpaka lango la gati, inapofungwa boti ya uokoaji ya jimbo. Watu wa gati walidhani ni wema wake, wakampa samaki wa moshi kila Krismasi.

"Ukienda kusema," Hakala aliuliza, "utasema nani alikihamisha?"

"Ndiyo hilo, Walfrid. Watajua ulificha ripoti."

"Binti yangu, nina miaka tisini. Watanifukuza kazi gani? Ya kula uji?" Akafuta makombo kifuani. "Mwenye bamba ukutani ni wewe."

Hapo ndipo palipomuuma. Shelly na Joanne walikuwa wakiambiwa kila siku, kuweni kama Elvi, hajagusa hata sanduku la barua. Wale wazee waliokuwa wameweka dau mwaka 1974 walikuwa bado hai, wanne wao, wakinywa kahawa kila asubuhi kwa Lahti. Miaka thelathini alikuwa amepita mbele ya dirisha lao shingo ikiwa wima. Akisema, wangelipata hilo neno lao waliloliweka akiba siku zote hizo: si tulisema?

Kikao cha baraza kilifanyika Alhamisi mchana, kwenye ukumbi wa chini wa maktaba. Viti havikutosha, na makoti yalirundikwa juu ya piano. Mwenyekiti alikuwa Bi Lorraine Tregear, mwalimu mstaafu ambaye bado aliwatazama watu wazima kana kwamba wamesahau daftari. Kutoka jimboni walikuwa wamekuja wawili: Bwana Stroud, mwenye sauti ya upole na ramani kubwa, na Noreen Vandermolen, msichana mwembamba wa ofisi ya kumbukumbu za barabara, ambaye hakusema kitu ila alishika jalada kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Bwana Stroud alieleza. Alikuwa na adabu, na hilo lilifanya mambo kuwa magumu zaidi. "Hatusemi barabara hii haina heshima," alisema. "Tunasema haifiki mahali penye shughuli ya jimbo. Ingefika, nisingekuwa hapa."

"Na lami ni ya kweli?" mjumbe mmoja aliuliza.

"Ya kweli, inchi tatu."

Ukumbi ukanong'ona kwa kuridhika. Bi Tregear aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya kupiga kura. Elvi akasimama. Alikuwa amevaa koti la kazi, kwa sababu lori lilikuwa nje.

"Barabara haiishii stesheni," alisema. "Inaishia kwenye lango la gati."

Bwana Stroud alitazama ramani. "Mama, kumbukumbu zetu zinaonyesha—"

"Kumbukumbu zenu zinaonyesha kibao kilipo. Kibao kilihamishwa Februari 1974. Kilihamishwa kwa sababu nilikigonga."

Mahali fulani nyuma, kiti kililia.

"Ulikigonga wewe?" Bi Tregear aliuliza.

"Mara tatu. Ya tatu nilipanda nacho mpaka kwa Lahti."

"Mara TATU!" Duane alikuwa amesimama, mikono kichwani. "Miaka kumi na tisa unanisema kwa sanduku moja la barua! Sanduku moja, Elvi! La mbao!"

Kicheko kiliupasua ukumbi. Mmoja wa wale wazee wanne, Rudy Stimac, alipiga mkongojo sakafuni. "Si tulisema? Niliweka dau kwa mwezi mmoja!"

"Ulipoteza, Rudy," Elvi alimjibu bila kugeuka. "Ungeshinda Februari ile, ila Hakala hakuandika ripoti. Na tangu wakati huo nimekuongozea gari la wagonjwa mara mbili kulipanda Goti. Ungependa nirudi nyuma nikuache pale?"

Shelly, mwanafunzi wa Elvi, aliyekuwa ukutani na Joanne, alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka. Elvi alikuwa amejiandaa kwa macho mengine kabisa kutoka kwa wale wawili. Hakuyaona.

Ndipo Noreen Vandermolen akafungua jalada lake. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Bi Tregear alilazimika kuwanyamazisha watu kwa kidole. "Hati ya mwaka 1934," alisoma, "inasema, kutoka makutano ya barabara kuu mpaka lango la gati la jimbo. Maili moja na sehemu themanini." Akafunua ukurasa wa pili. "Baada ya 1976 imeandikwa sabini na moja. Tulidhani walinyoosha kona."

"Hakuna aliyelinyoosha Goti," mtu akasema, "wala haitawezekana."

Bwana Stroud aliondoa miwani. Alisema kwamba neno la dereva ni neno, na hati ni hati, lakini yeye lazima aione barabara yenyewe. Kura ikaahirishwa.

Asubuhi iliyofuata nusu ya mji ilikuwa kwenye lango la gati, imejifunga skafu mpaka machoni. Elvi aligonga matairi yake kumi, akasema maneno yake mawili, akashuka na lori. Pale langoni alilishusha beleshi polepole, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali bila kuitoboa sufuria, akaliburuta juu ya barafu mara moja, mbili, tatu. Kisha akashuka na beleshi la mkono na kumalizia mwenyewe. Duane alitaka kumsaidia, akafukuzwa.

Chini ya barafu ilitokea zege ya kijivu, na ukingoni mwake kisiki cha nguzo ya chuma, kimekatika na kushika kutu. Hatua moja kutoka hapo zilikuwepo namba zilizokandamizwa kwenye zege ilipokuwa mbichi: 1936. Elvi alivua glovu, akapangusa namba hizo kwa kiganja. Noreen alisukuma gurudumu lake la kupimia kutoka stesheni mpaka kwenye kisiki, midomo ikitembea kwa kuhesabu, akasoma: futi mia nne sabini na tano.

"Ndizo zile sehemu tisa za mia," alisema. "Sabini na moja na tisa. Themanini."

Bwana Stroud aliitazama boti ya uokoaji iliyofungwa hatua thelathini kutoka hapo, nembo ya jimbo ubavuni. "Basi," alisema. "Inafika."

Barua ilikuja baada ya wiki tatu: ombi la kuikabidhi Njia 309 limeondolewa, namba inabaki, urefu umesahihishwa. Mji ukakosa lami yake mpya, na wapo walionung'unika mpaka Pasaka. Lakini Machi hiyo hiyo, katika dhoruba ya siku tatu, Elvi aliliongoza gari la wagonjwa la hamsini na tatu kulipanda Goti, na wanung'unikaji wakawa wachache.

Karakanani, bamba la shaba halikuondolewa. Siku moja Elvi aliingia kunywa chai akalikuta limeongezwa neno kwa kalamu nene, mwandiko wa Duane: MIAKA 30 BILA KUGONGA KITU KINGINE. Akaliacha hivyo hivyo, na wageni wakija ni yeye mwenyewe anayewaonyesha.

Mwishoni mwa Aprili, ardhi ilipolegea, Noreen alirudi peke yake kusimamia kibao kikirudishwa kwenye lango la gati. Elvi alishika nguzo, Duane akamwaga zege. Walisubiri ikauke, wakila pai za nyama na viazi juu ya ukuta wa gati. Msichana alikuwa ameuliza mambo mengi ya vipimo siku hiyo, yote akiyasoma kwenye karatasi. Sasa karatasi ilikuwa mfukoni.

"Bi Elvi," alisema, akitazama pai yake. "Nina swali moja tu ambalo si la kazi. Hati ya 1934 ilikuwa kwenye jalada langu. Ungeweza kutuambia tuitafute tu, na hakuna ambaye angejua habari ya kibao. Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu ni mimi niliyekigonga," alisema Elvi.